Dakika Mbili na Sekunde Ishirini na Tano

Katika hospitali ile walimwita Bwana Giza, naye jina hilo alilipokea kama kofia inayomtosha. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza ndani ya chumba kisicho na dirisha, hatua nne kwa tatu, akisafisha filamu za eksirei. Wagonjwa humwona mpiga picha, yule anayewaambia wakae hivi na wageuke vile. Humwona daktari anayeinua filamu kwenye taa na kukunja uso. Anayesimama kati ya hao wawili hawamwoni. Filamu huingia kwake tupu ikatoka na mbavu, na mgonjwa huenda nyumbani akiisifu mashine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpiga picha akimaliza, huliweka kasha la filamu kwenye kidirisha cha ukutani chenye milango miwili, mmoja upande wa mwanga, mmoja upande wa giza, na ole wake atakayeifungua yote kwa pamoja. Bwana Giza hulichukua kasha, na kwa mwanga wa taa nyekundu isiyozidi kaa la moto hulifungua, huibana filamu kwenye fremu ya chuma, huitumbukiza kwenye tangi la dawa ya kwanza. Hapo ndipo penye kazi. Ikitolewa mapema, picha huwa hafifu kama mtu aliyeonekana ndani ya ukungu. Ikichelewa huungua, mfupa na nyama vikawa rangi moja. Kwa joto la dawa waliloliweka pale, muda wake ulikuwa dakika mbili na sekunde ishirini na tano. Yanayofuata, yaani kusuuza, dawa ya pili na maji ya bomba, hayana ukali huo. Mwisho huanikwa kwenye kamba kama soksi.

Zamani palikuwa na saa ya ukutani yenye kengele. Ilikufa Bwana Giza akiwa katika mwaka wa saba kazini. Ombi la saa mpya liliandikwa, likapelekwa, likajibiwa kwamba limepokelewa. Likaandikwa tena, likapokelewa tena. Saa za mkononi alizojaribu kuvaa ziliingiwa na mvuke wa dawa moja baada ya nyingine, akaacha kuzipoteza bure. Lakini wakati huo redio ilikuwa imeshafika.

Redio hiyo, ya kaseti, aliinunua kwa muuza mitumba ili asikilize habari na mpira. Hakuwa amezifikiria kuta. Kuta za upande ule zimewekewa madini ya risasi ndani ili miale isipenye, na kweli miale haikupenya, wala mpira haukupenya. Kilichosikika ni mchakacho kama wa samaki anayekaangwa. Tena alipofika nayo ndipo alipogundua kwamba ndani yake kulikuwa na kanda ya mwenyewe wa kwanza, na kitufe cha kuitolea kilikuwa kimevunjika. Alijaribu kisu cha mezani. Alijaribu koleo la wodini. Kanda ilikaa mle kama jino la mwisho. Ikifika mwisho ilijigeuza yenyewe na kuanza upande wa pili. Basi alikuwa na mawili ya kuchagua: nyimbo kumi na nne za Kifaransa, lugha ambayo hajui hata salamu yake, au kimya.

Siku ya kwanza alisikiliza kidogo akazima. Wiki ya pili alijikuta akisuuza fremu huku kisigino kikigonga sakafu. Mwezi wa tatu umeme ulikatika asubuhi nzima, na alichokikosa kuliko taa ni wale wasichana wanaoimba kwenye kanda.

Hakuna aliyelitarajia hilo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Alikuwa mtoto wa muziki wa dansi, ule ambao mwimbaji humaliza beti zake, kisha magitaa yakaanza kusemezana, na wimbo ukikaribia dakika ya sita ndipo watu wanapovua makoti. Nyimbo za kwenye kanda hazikuwa na subira hiyo. Gitaa moja lenye mwangwi, ngoma inayogongwa kavukavu, wasichana wawili watatu wanaoitikia nyuma, na mbele yao mmoja anayeimba bila kulia na bila kupamba sauti, kama aliyetumwa dukani na sasa anarudisha jibu. Anasema lake, wenzake wanaitikia, analisema tena kwa juu kidogo, basi, anafunga mlango. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyimbo hizi ziliaga kabla mwenyeji hajaanza kulitazama jembe. Bwana Giza, ambaye alikulia katika nyumba ya wageni wasioaga, aliuona huo kuwa uungwana mkubwa.

Daktari mmoja mgeni, aliyekuja kwa miezi mitatu, aligonga siku moja kufuata filamu, akasimama mlangoni mdomo wazi. Akamweleza kwamba hizo ni nyimbo za vijana wa Ufaransa, za mwanzoni mwa miaka ya sitini, na wengi wa waimbaji hao hawakuwa wamefika hata umri wa miaka ishirini. Mama yake alikuwa akiziimba akipiga pasi. Alitaka kumfasiria maneno. Bwana Giza akamshukuru, akasema hakuna haja.

"Hutaki kujua wanasema nini?"

"Daktari, kuna jirani niliyesalimiana naye vizuri miaka kumi. Siku nilipoyajua mambo yake yote ndiyo siku tuliyogombana."

Nyumbani walizijua nyimbo hizo kwa mdomo wake tu. Alizivumisha akivaa viatu, akichota maji, akimchemshia mama yake yai la asubuhi. Mama mtu, ambaye aliishi nao na hakuwa mtu wa kuacha neno lipite bila kuulizwa, alisikiliza kiitikio siku moja akaweka kikombe chini.

"Yeye, yeye, yeye," alisema. "Yeye nani? Amefanya nini?"

"Ni wimbo tu, mama."

"Mtu anatajwa asubuhi yote hivyo, hakosi kuwa na kesi."

Lakini kilichomfunga Bwana Giza na kanda ile hakikuwa utamu peke yake. Wakati saa ya ukutani ingali hai, aliona kwamba akitumbukiza filamu wimbo wa kwanza unapoanza, kengele hulia wimbo unapokwisha. Akaupima mara tatu. Dakika mbili na sekunde ishirini na tano, kama mavazi yaliyoshonwa kwa kipimo. Akaandika kwa penseli ukutani, juu ya tangi: 2.25, na tarehe. Kisha akazipima zilizobaki kumi na tatu, mmoja mmoja. Saa ilipokufa, kanda nzima ilikuwa imekaa kichwani mwake kama ratiba ya treni. Filamu iliyoingia katikati ya wimbo wa sita aliitoa ndani ya wa saba, kwenye kiitikio cha pili, kabla msichana hajavuta pumzi. Miaka kumi na mitano alifanya kazi hivyo, na hakuna filamu hata moja iliyorudishwa. Hakumwambia mtu. Wenzake walidhani redio ni ya kumchangamsha, na aliyemuuliza anapimaje muda alijibiwa, "Kwa kichwa." Huo haukuwa uongo. Ila hakuwa tayari kusema kichwani mle kuna nani.

Mwanzoni mwa mwaka alikuja mkuu mpya wa idara. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa hatua, mkononi amevaa saa kubwa ya kiume iliyomfanya aonekane kila mara yuko mbele ya wenzake kwa dakika tano. Wiki yake ya kwanza alizunguka na daftari. Akakuta chati ya vipimo vya miale imebandikwa ukutani kwenye chumba cha picha, na mashine imewekwa kwa vipimo vingine, vya chini.

"Chati hii ni pambo?" aliuliza.

Mpiga picha, kijana mrefu waliyemwita Vuta-Pumzi kwa sababu ya maneno anayowaambia wagonjwa kutwa, alijikuna shingo. Akaambiwa kuanzia siku hiyo afuate chati. Akafuata.

Siku hiyohiyo filamu zikaanza kutoka nyeusi.

Ya kwanza ilikuwa ya nyonga ya bibi mmoja aliyeanguka bafuni. Daktari wa upasuaji aliirudisha na kikaratasi: "Nisome nini hapa, usiku?" Ya pili kifua. Ya tatu ilikuwa ya mkono wa mtoto, na ilipopigwa upya ikatoka vilevile. Kwenye korido mama wa mtoto alisikika akisema, bila kupandisha sauti, "Mara ya tatu sasa. Mkono ni mmoja tu, hauna mwingine ndani."

Jumatatu mkuu alimwita Bwana Giza ofisini. Mezani alikuwa amepanga filamu tisa.

"Karibu ukae, mzee."

"Nimezoea kusimama, mkuu."

"Chati imefuatwa. Mashine imekaguliwa wiki iliyopita. Kilichobaki ni dawa, na wewe."

"Dawa nilichanganya Jumamosi."

"Changanya tena. Joto unapima?"

"Asubuhi na mchana."

"Na muda unapima kwa nini?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa, na Bwana Giza akapita pembeni yake.

"Kwa kichwa."

"Kwa kichwa," mkuu alirudia, akakifunga kifuniko cha kalamu. "Macho yako yalipimwa lini?"

"Macho yangu hayana neno."

"Kwenye mwanga ule mwekundu mtu akichoka macho huiacha filamu ndani kwa sababu haioni ikiiva. Nimeyakuta kwingine. Si aibu, mzee, ni umri." Akavuta droo, akatoa karatasi. "Hii ni barua ya kukuhamishia ghala la mafaili. Imeshachapwa, sijaitia tarehe wala sahihi. Nakupa hadi Ijumaa. Filamu zikitoka safi, tutazungumza mengine. Zisipotoka, sina namna. Watu wanapigwa miale mara mbili mbili bure."

Ghala la mafaili lilikuwa chini ya ngazi kuu, lenye madirisha matatu na mwanga tele, na wapo ambao wangeshukuru. Bwana Giza aliwahi kupelekwa mle siku tatu, mwaka tangi lilipovuja. Mtu hukaa kwenye kiti akingoja kutajiwa namba. Anatoa faili, anarudisha faili, na kati ya kutoa na kurudisha hakuna kitu kinachoiva. Redio ni marufuku, kwa kuwa ukuta wa pili ni mapokezi. Hayo angeyavumilia. Asichoweza kukimeza ni kuondoka na sifa ya upofu, baada ya miaka ishirini na miwili, kwa macho ambayo jana yake tu yalikuwa yametunga uzi kwenye sindano ya mkewe.

Jumanne alimwaga dawa zote akachanganya upya, akakoroga kwa kijiti mpaka bega likauma. Aliomba barafu jikoni, akaifunga kwenye mfuko, akaielesha tangini joto lilipopanda nusu digrii tu. Alishuku taa. Akachukua filamu mpya, akaweka sarafu juu yake chini ya taa nyekundu, akangoja, akaisafisha. Kama taa inavujisha mwanga, umbo la sarafu hubaki kwenye filamu. Halikubaki. Akaziba ufa wa mlango kwa utepe mweusi ingawa hakuuona ufa. Muda wote huo kanda ilikuwa ikiimba rafuni, nusu mita kutoka sikio lake, na yeye akiitii. Filamu zikatoka nyeusi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mwenye nguo huwa wa mwisho kujikung'uta.

Jumatano mchana alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha dobi, chakula kikimpoa mapajani, Vuta-Pumzi akaja akakaa karibu mno.

"Mzee, nina neno. Usinipige."

"Nikupige kwa mikono gani? Imeshaliwa na dawa."

"Filamu zako hazikuanza kuiva sana wiki hii."

Bwana Giza aliacha kutafuna.

"Zilianza mwaka jana," Vuta-Pumzi alisema, akitazama mashuka yaliyoanikwa. "Kidogo kidogo. Nikaona zinaingia weusi, nikapunguza miale. Mwezi mwingine nikapunguza tena. Ndiyo maana zilitoka nzuri. Sasa mkuu ameturudisha kwenye chati, sina tena pa kupunguzia."

"Mwaka mzima, na hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma filamu. Leo nije nikwambie, mzee, unaunguza? Nikasema moyoni, mwache, mimi nitapunguza tu, miaka yake imebaki ya kuhesabika."

"Kwa hiyo umekuwa ukinifichia."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Heshima yako nusura inizike."

"Nusura tena? Ijumaa bado haijafika, mzee."

Kijana alisema hivyo kwa nia ya kumchekesha, na Bwana Giza karibu acheke. Lakini alirudi gizani na uzito mpya. Mpaka hapo alikuwa akilitafuta kosa la wiki moja, la dawa mbovu au la taa. Sasa alijua ni kosa la mwaka, linaloongezeka polepole, na yeye ndani yake. Kitu kinachoharibika polepole hivyo, alijiambia, ni mwili wa mtu. Huenda mkuu alikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza aliitazama filamu ikiwa tangini na kujiuliza kama kweli anaiona.

Alhamisi asubuhi alichemsha yai la mama yake kama siku zote. Maji yakichemka hutia yai, huuvumisha wimbo wa kwanza mara mbili tangu mwanzo hadi mwisho, hulitoa. Mama alikuwa na meno matatu, na yai alilitaka laini ndani. Akaligonga kwa kijiko, akachungulia, akaisukuma sahani katikati ya meza.

"Mwanangu, hili ni yai au kokoto?"

"Mama, ni muda uleule."

"Uleule wa nani? Tangu mwaka jana natafuna. Kama unataka kunimaliza sema tu, nimwage chozi moja nijiandae."

Mkewe alikuwa akimimina chai, mgongo umewaelekea. "Si yai, mama," alisema. "Ni huo wimbo wake. Siku hizi anauburuta. Zamani aliuimba kama mtu anayefagia ua. Sasa anauimba kama anasindikiza jeneza."

"Nauimba kama unavyoimbwa," alisema Bwana Giza.

"Basi na huyo msichana naye amezeeka."

Mama alicheka kwa meno yote matatu. Bwana Giza hakucheka. Alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini nauburuta?"

Mke aligeuka sasa, kwa kuwa sauti haikuwa ya utani. "Nitajuaje, baba watoto? Mimi nakusikia asubuhi tu, tena hujui kuimba. Mwaka. Labda na zaidi."

Yeye alizisikia nyimbo zile saa nane kwa siku, na ndiyo sababu hakuwa amesikia kitu. Redio ilikuwa imechoka kwa kiasi cha unywele kila siku, na yeye akachoka nayo hatua kwa hatua, kama wazee wawili wanaoongozana barabarani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayekwenda mwendo wa kawaida. Alitoka bila kumaliza chai. Kwa mtu wa vikombe vitatu, hilo lilikuwa tangazo. Mama alimwuliza mkwewe kama yai ndilo lililomuudhi.

Mkuu alikuwa ndiyo kwanza anafungua ofisi.

"Mkuu, Jumatatu uliniuliza muda napima kwa nini."

"Ukasema kwa kichwa."

"Napima kwa nyimbo."

Mkuu aliuacha ufunguo mlangoni. "Nyimbo gani?"

Kulikuwa na mtu wa usafi kwenye korido, na ndoo yake ilikuwa imeacha kulia. Bwana Giza alipiga moyo konde.

"Za Kifaransa. Za zamani. Za wasichana."

"Unasafisha filamu za hospitali nzima kwa nyimbo za wasichana."

"Miaka kumi na mitano. Waulize madaktari kama kuna iliyorudi kabla ya mwezi huu." Kisha akamweleza yote: saa iliyokufa, kanda iliyonasa, penseli ya ukutani, yai, maneno ya mkewe. Habari ya Vuta-Pumzi aliieleza pia, ila aliieleza kwa namna ambayo kosa lilionekana kuwa dogo na kijana kuonekana mwenye adabu. Mkuu alisikiliza huku akikunja na kukunjua mkanda wa saa yake.

"Twende," alisema.

Chumba cha giza hakikujengewa watu wazima wawili. Mkuu alisimama kando ya tangi, akayasoma maandishi ya penseli na tarehe yake, akaisogeza saa karibu na taa nyekundu. Bwana Giza aliirudisha kanda mwanzo, akabonyeza.

Hapo ndipo alipousikia. Akiwa na mtu mwingine chumbani, aliusikiliza kama mgeni, na aliona haya kwa niaba ya yule msichana. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mwenye mafua. Ngoma iligongwa kama hodi ya mtu anayedhani wenyeji hawapo. Wenzake walioitikia nyuma walionekana kukubali kwa sababu tu wamechoka kubisha. Wimbo ukaisha.

"Dakika mbili na sekunde hamsini na sita," alisema mkuu. "Rudia."

Akarudia. Hamsini na sita tena.

Walimwomba mpishi mfupa wa ng'ombe. Vuta-Pumzi akaulaza mezani kwa heshima zote, akaupiga picha kwa kipimo cha chati, akapitisha kasha kidirishani. Bwana Giza akaitumbukiza filamu, redio imezimwa, na mkuu akahesabu kwa saa yake. Ilipotimia mbili na ishirini na tano akasema, "Toa." Walipoipachika kwenye kisanduku cha taa, ikiwa bado inadondosha maji, mfupa ulionekana mpaka nyuzi zake za ndani, kijivu kwenye kijivu, na ukingo wake umekatwa kama kwa wembe.

"Huyu ng'ombe hana tatizo lolote," alisema Vuta-Pumzi. "Arudi nyumbani."

"Wewe tutazungumza," mkuu alimwambia, na Vuta-Pumzi akakumbuka kwamba kuna mgonjwa anamngoja.

Mkuu alivua saa yake, akaitia kwenye mfuko safi wa plastiki, akaufunga fundo. "Ya marehemu baba. Tumia hii kwa sasa. Ikiingiwa na dawa utanieleza wewe, si kichwa chako."

Mchana Bwana Giza alibeba redio hadi kwa fundi anayekaa ng'ambo ya lango. Fundi alifungua skrubu nne, akatoa ukanda wa mpira unaozungusha kanda. Ulikuwa umelegea na kuvimba kwa mvuke, kama tambi iliyopikwa ikasahauliwa. Akaweka mpya. Na kwa kuwa redio ilikuwa wazi, akaitoa na kanda yenyewe, akamkabidhi. Bwana Giza aliigeuza kiganjani. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani.

"Nikutilie nyingine?" fundi aliuliza. "Ninazo za dansi, kali."

"Rudisha hiyohiyo."

"Hii? Kwani mzee unaelewa wanachosema?"

"Funga skrubu."

Alipoiwasha tena gizani alishtuka. Msichana alikuwa anakimbia. Sauti ilikuwa juu na nyepesi, ya mtoto wa miaka kumi na saba kweli, na gitaa lilimruka Bwana Giza mara mbili kabla hajashika mwendo wake. Alikosea filamu moja siku ile kwa kuuamini mguu wake wa jana. Zilizofuata alizipima kwa saa iliyokuwa ndani ya plastiki, huku akiuacha wimbo umfundishe upya, na mpaka jioni walikuwa wamepatana, yeye akihema kidogo.

Ijumaa mkuu alikuja saa nne. Aligonga, akangoja ruhusa, akaingia akajibana kwenye kigoda. Mkononi alikuwa na ile barua. Bwana Giza aliitazama barua, akayatazama maji yanayodondoka kambani, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Filamu za jana mchana nimeziona zote," mkuu alisema. "Daktari wa upasuaji hakuandika kikaratasi, nadhani hiyo ndiyo sifa yake. Hebu niwekee wimbo."

Akauweka. Wakausikiliza wote wawili, saa ikiwa kati yao ndani ya plastiki yake.

"Mbili na ishirini na sita. Moja imezidi."

"Ukanda ni mpya. Utakaa sawa."

"Saa ya ukutani nimeiombea tena."

"Itapokelewa," alisema Bwana Giza.

"Najua. Na hii yangu naitaka. Siwezi kwenda na kurudi nauliza watu saa ngapi." Akaiweka barua juu ya rafu, akaigeuza, upande mweupe ukawa juu. "Saa nitakununulia nyingine, itapima. Lakini saa ya kwanza ilikufa, na hii nyingine nayo itakufa. Nataka cha akiba. Kila Jumatatu wimbo wa kwanza utapimwa kwa saa na kuandikwa hapa, ukianza kuburuta tujue mapema. Na wewe ukiugua, au ukienda likizo, atakayeshika nafasi yako asimame hapa ajue la kufanya. Likizo ulikwenda lini? Usinijibu." Alipiga mistari miwili kwa kalamu, akiinamia karatasi kwa sababu ya ule wekundu. "Wa kwanza unaitwaje?"

"Sijui Kifaransa, mkuu."

"Wewe unauitaje?"

Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Alikitazama kidirisha. Mlango wa upande wa pili ulikuwa umefungwa, lakini palikuwa kimya mno kwa chumba chenye Vuta-Pumzi.

"Msichana wa Ngazi," alisema.

"Kwa nini?"

"Anashuka. Sikiliza hapo anapoanza. Kila neno kipandio kimoja."

Mkuu aliinamisha kichwa akasikiliza, kisha akaandika. "Mbili na ishirini na tano. Wa pili?"

"Mwenye Funguo. Huo ni mbili na arobaini. Filamu unaitoa gitaa linapoanza kwenda peke yake, usingoje mwisho."

"Gitaa peke yake," mkuu aliandika. "Wa tatu?"

"Shangazi Amekasirika."

Kalamu ilisimama. Nyuma ya kidirisha mtu alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Ana sababu?" mkuu aliuliza.

"Sababu siijui. Ila humaliza mapema, mbili na kumi. Akinyamaza unahesabu kumi na tano."

Mkuu aliliandika jina lote, na kumi na tano yake, akaipigia mstari. Karatasi ilikuwa nyembamba, na kwa chini, mwanga mwekundu ulipoigusa, yale maneno yaliyochapwa upande wa pili yalisomeka kinyumenyume.

"Wa nne," alisema.